Babu na Mwanamke wa Chini ya Mlima

Mimi nina hasira za karibu, na subira sikujaliwa. Chai ikiletwa mezani naanza kuinywa ikiwa bado inaunguza. Mtu aniambie leo nikae kitako kutwa nzima nikingoja simu ilie, nitamwambia atafute mwingine. Lakini mwaka ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikaa, na nilichokishuhudia siku ile kikinijia hata leo vinyweleo husimama.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kuendelea, nikapata kazi ya kuuza vitenge na mablanketi katika duka moja mjini Shinyanga. Nilikuwa naishi na mama yangu mtaa wa Ngokolo, naenda kwa mguu asubuhi na kurudi jioni. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi iliyokaa mji ule tangu enzi za babu zao kununua pamba. Baba mwenye mali alikuwa safarini muda mwingi, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama wa Dukani. Kwa ukali tulikuwa sare, yeye na mimi, na ndiyo maana tulielewana. Binti yake alikuwa msichana mwenzangu, rika langu. Tulikula pamoja, tukanuniana, tukapatana tena kabla sahani hazijaoshwa.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba cha kupumzikia chenye televisheni, deki ya kanda za video, na mashine ya gemu ambayo binti alitumiwa na kaka yake aliyekuwa akisoma ng'ambo. Kati ya chumba kile na duka palikuwa na dirisha dogo, na simu iliwekwa kwenye kizingiti chake, upande wa dukani, ili ifikiwe kutoka pande zote mbili. Simu ile ilikuwa yetu pia, kwa hisani yao. Ndugu zetu wote wakitaka kutupata walipiga pale.

Sasa nimlete mjomba wangu. Huyu ni mdogo wake mama, na wakati huo alikuwa akichimba dhahabu Rwamgasa, upande wa Geita. Alifanya kazi kwenye maduara, yale mashimo ambayo wachimbaji wadogo huteremka kwa kamba na kuyategemeza kwa magogo. Baba yao, yaani babu yangu, alikuwa mkulima upande wa Kharumwa, na hakutaka hata kusikia habari za duara. Siku mjomba alipoaga, mzee alimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mjomba naye, ambaye ulimi wake na wangu ni wa ukoo mmoja, akamjibu jibu ambalo mzee hakulisahau. Tangu hapo hawakusemezana tena. Mama ndiye alikuwa akipeleka salamu za huyu kwa yule, na kila mmoja akijifanya hajasikia.

Babu alikuwa kwetu Ngokolo siku zile, ametolewa mtoto wa jicho hospitalini, jicho moja limefunikwa kwa bandeji. Jioni moja dereva wa mnunuzi wa dhahabu akatuletea habari kwamba duara la mjomba limetitia, yeye na mwenzake wamo ndani, na watu wanafukua. Alisema hayo akiwa amesimama mlangoni, na alipokaribishwa hakukubali kukaa. Mama hakulia. Alifunga khanga kwenye kifurushi, na alfajiri akapanda basi la Geita. Babu alitaka kwenda naye, lakini daktari alikuwa amemkataza mitikisiko ya barabara mpaka bandeji itolewe, na mama akamwambia kwa upole kwamba hawezi kubeba habari za mwana na upofu wa baba kwa safari moja. Mimi nikaagizwa nimpeleke mzee dukani, tukae karibu na simu. Likijulikana lolote, zuri au baya, angepiga pale.

Mama wa Dukani alipopata habari alisema siku ile nisiuze kitu. Alimwamkia babu shikamoo, akaitikiwa, akamketisha kwenye kiti cha mumewe kule chumba cha nyuma, kisha akarudi kusimama dukani mwenyewe. Babu akakaa, fimbo kati ya magoti, jicho lake zima ameliweka kwenye simu. Kimya chake kilinitia wazimu. Nikawa naingia na kutoka, napanga vitenge vilivyokwisha kupangwa, nanyanyua mkono wa simu kusikiliza kama laini ipo, naurudisha haraka nikihofia kwamba dakika hiyo hiyo ndipo mama amepiga. Mwishowe binti akanishika mkono, akaniketisha mkekani mbele ya televisheni, akawasha mashine ya gemu. Nikamwambia hana adabu, kwetu kunafukuliwa mtu yeye anataka michezo. Akasema mikono yangu itavunja kitu, afadhali ishike padi ya kuchezea.

Gemu lenyewe lilikuwa geni kwetu. Lilikuja kwenye sidii ya kunakiliwa, haina hata jalada, na tulikuwa tumeonja mwanzo wake tu. Hadithi yake ilikuwa ya zama zijazo. Wataalamu wamechimba kituo chini ya mlima, ghorofa kwa ghorofa kwenda chini, wakaunda mtambo wa kuchezea wakati. Mtambo ukapasuka. Wakati wa kale ukamwagika ndani ya kituo, na wanyama wake wakaja nao. Wataalamu wote wameliwa isipokuwa mwanamke mmoja, fundi wa mitambo, ambaye yuko ghorofa ya chini kabisa na ana tochi, na bunduki yenye risasi za kuhesabu. Kazi ya mchezaji ni kumfikisha nje akiwa hai. Nasi hatukuwa na memori, kile kikadi cha kuhifadhia pale ulipofikia. Ukizima mashine, au mwanamke akifa, unaanza tena kule chini.

Alikuwa anatembea kwenye korido, taa za dari zinapepesa, mahali fulani maji yanadondoka. Hakukuwa na muziki. Waliotengeneza lile gemu walijua kunyamaza, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote. Kisha kioo cha ukutani kikapasuka, na mnyama akaingiza shingo, halafu bega, halafu mwili wote.

Nimekua nikiona ng'ombe, fisi nimewaona, na chatu nimemwona akiwa amekwisha kuuawa. Huyu hakufanana na yeyote kati yao, na alikuwa na kitu cha kila mmoja. Alisimama kwa miguu miwili, akageuza kichwa upande kama kuku anayesikiliza, ili amtazame mwanamke kwa jicho moja. Ubavu wake ulikuwa unapumua. Nilijua ni rangi tu juu ya kioo, lakini moyo ulinilipuka paa, na chini ya woga ule nikasikia kitu kingine ambacho nilikuwa nimezoea kukisikia kanisani tu. Duniani kumewahi kuwa na viumbe kama hawa, wamekanyaga, wamekula, wamelala, na mimi ningeweza kuishi na kufa bila kulitia hilo akilini. Shuleni mwalimu wa biolojia alikuwa ametueleza kwamba mifupa ya dinosaria ilichimbwa humu humu nchini, kusini, Lindi, Wajerumani wakaibeba kwao. Nilikuwa nimeyaandika, nikayajibu kwenye mtihani, nikayasahau. Sasa nilikuwa namwona mwenye mifupa.

Binti alimkimbiza mwanamke mpaka mlangoni, akaufunga. Mnyama akaugonga mara kadhaa kutoka upande wa pili, kisha kukawa kimya.

"Huyo ni nani?" babu akauliza nyuma yetu.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi pale. Binti akageuka kwa heshima akaanza kumweleza, dinosaria ni wanyama wa zamani sana, walikwisha kabla watu hawajakuwepo. Babu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mnyama amemwona, aliyekuwa anamuulizia ni mwanamke. Yuko wapi? Chini ya mlima. Aliingia na nani? Na wenzake, wamekufa. Na mdomoni mwa shimo amekaa nani? Hapo binti akanitazama mimi, kwa sababu swali hakulielewa. Mimi nililielewa, na nilitamani ardhi inimeze.

Babu alikuwa Mnunguli. Wasukuma wana chama cha wawindaji wa nungunungu, yule mnyama wa miiba anayemaliza mihogo na viazi mashambani, na wanachama wake ndio huitwa hivyo. Mnunguli huvua nguo akaingia kwa tumbo katika shimo la nungunungu, mkuki mfupi mbele yake, gizani, na humo mara nyingi nyoka nao wamejihifadhi. Shimo lina matawi. Ukishakata kona huku na kule hujui tena nje ni upande upi, na wapo waliokufa kwa kujisukuma kuelekea ndani wakidhani wanatoka. Kwa hiyo mwenzako hukaa mdomoni mwa shimo na kukuimbia. Si wimbo wa kuchezewa ngoma. Ni maneno ya kukuvuta, jina lako na jina la mama yako, tena na tena, ili sauti ikuonyeshe nje iliko. Aliyekaa mdomoni hainuki, hali, hanywi, hamjibu mtu mwingine, mpaka wa ndani atoe kichwa. Akinyamaza, amekuua. Babu alimkalia mjomba hivyo tangu mjomba alipokuwa kijana. Na jibu alilopewa siku ya ugomvi ndilo hilo: kwamba kwenye dhahabu watu wana kamba na tochi, hawahitaji mzee wa kuwaimbia mdomoni.

Nikamwambia babu hakuna mtu mdomoni, kwa sababu hakuna shimo. Hiyo ni picha tu. Nilisema kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia.

"Najua ni picha," alisema. "Na mjomba wako saa hizi ni nini kwangu? Simwoni, simsikii. Huyu walau namwona."

Babu akaweka fimbo chini, akashuka kitini taratibu huku akijishikilia, akaketi mkekani kati yetu, amekunja miguu, karibu na kioo kuliko daktari angependa. Simu akaipa kisogo. Akauliza mwanamke anaitwaje. Binti akataja jina la Kizungu ambalo babu hakulipenda, basi akasema atamwita mayu, neno la Kisukuma la kumwita mwanamke kwa heshima. Akakohoa kidogo, akaanza.

"Izaga, mayu, izaga." Njoo, mayu, njoo.

Binti alibana kicheko. Mimi nilitazama pembeni kwa aibu, kwa kuwa nilikuwa msichana wa mjini niliyesoma, na babu yangu alikuwa anaiimbia televisheni ya watu. Lakini kicheko cha binti hakikudumu, na aibu yangu nayo ikaniishia bila kuniaga. Sauti ya mzee ilikuwa nzito, haipandi haishuki, inatoka chini ya kifua na kukaa chumbani hata baada ya neno kwisha. Alisema neno, akasikiliza, akasema tena. Alipomwona mwanamke amefika njia panda alipunguza mwendo. Mnyama alipokuwa jirani aliteremsha sauti mpaka ikabaki pumzi, lakini hakuikata. Nilikuwa nimemjua babu maisha yangu yote, mzee wa kulalamikia chumvi na kuuliza nani kahamisha kiatu chake, na sikuwa nimewahi kumjua kabisa.

Na gemu likabadilika. Sijui niliseme vipi ili nieleweke. Mwanzo tulikuwa tunacheza kwa kukimbia na kufyatua ovyo, na mwanamke alikuwa amekwisha kufa mikononi mwetu siku nyingine zote. Sasa tulianza kwenda kwa mwendo wa sauti ya babu. Tulifungua mlango, tukasimama, tukasikiliza. Tulianza kuwaona wale wanyama kwa makini, siyo kama maadui wa kufyatuliwa. Kulikuwa na wadogo waliotembea kwa kundi, wakiinua vichwa vyote kwa pamoja. Kulikuwa na mmoja aliyelala kwenye chumba cha mashine, ameuzungushia mkia mwili wake, na tulipita ubavuni pake tukiwa tumezuia pumzi, sisi watatu pale mkekani. Babu alipita naye kwa pumzi tu, mayu, mayu, mayu. Tulipoufunga mlango nyuma yetu binti akafuta viganja kwenye nguo yake. Akanipa padi.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Kwa sababu nilielewa kwamba mwanamke huyu sasa haruhusiwi kufa. Hakuna aliyelitamka hilo. Lakini kama angekufa mikononi mwangu, mbele ya babu, huku simu haijalia, babu angesikia nini? Mimi mwenyewe ningesikia nini? Nilikuwa sijawahi kumwombea mjomba tangu habari zije, nilikuwa nimekasirika tu, nimemkasirikia yeye, duara, dhahabu, na Mungu. Sasa nikawa naomba kwa vidole gumba.

Adhuhuri ilipopita Mama wa Dukani alifunga mlango wa mbele, akaja na kanda yake ya video mkononi. Saa hiyo ilikuwa saa yake. Televisheni ile ilikuwa mali ya picha zake za Kihindi, na hata mumewe hakuthubutu kuigusa. Akatuambia tuzime hiyo mijusi yetu. Binti akamweleza kwamba mashine ikizimwa mwanamke anarudi mwanzo, ghorofa ya chini kabisa, na njia yote tuliyopita itakuwa bure. Babu, ambaye hakuruhusiwa kumjibu mtu, alisikia. Hakugeuka. Akanyoosha tu mkono wake wa kushoto, akaufunika mtambo wa gemu kwa kiganja, huku anaendelea kuimba.

Mama wa Dukani akaniuliza mzee ana nini. Nikamweleza. Nilitegemea acheke, au akasirike, na nilikuwa tayari nimeshajaza maneno mdomoni ya kumtupia. Alisimama pale akiangalia kiganja cha babu juu ya mashine, mishipa imetoka, kisha akamtazama mwanamke kwenye kioo, mdogo, na tochi yake. Akaniuliza kama huko Rwamgasa bado hawajapiga. Nikasema bado. Akaiweka kanda juu ya kabati. Akaenda kwenye kile kipembe chao chenye picha za miungu, akawasha udi, akarudi na chai. Babu hakuigusa. Mama wa Dukani alipoelezwa kwamba aliyekaa mdomoni hanywi, aliiondoa ile ya babu, na baada ya kufikiri akaiondoa na ya kwake. Akakaa kwenye kiti cha mumewe, mikono mapajani, akatazama. Mimi ya kwangu nilikuwa nimeshaimaliza.

Tulipanda. Ghorofa baada ya ghorofa, ngazi, mabomba, vyumba vyenye maandishi ya Kiingereza ambayo mimi na binti tuliyatafsiri kwa kunong'ona. Kisha tukafika kwenye ukumbi mkubwa ambao paa lake lilikuwa limebomoka, na kwa mara ya kwanza tukaona mbingu, ya zambarau, yenye nyota nyingi. Mwanamke akasimama. Sikuwa nimebonyeza kitu, lilikuwa gemu lenyewe limemsimamisha. Na juu ya ukingo wa paa kikapita kitu ambacho kwanza nilidhani ni wingu, mpaka kilipoinama.

Kilikuwa kichwa. Kichwa peke yake kilijaza kioo chote. Mnyama yule hakuwa na haraka wala hasira. Aliinamisha uso wake ndani ya ukumbi, akavuta hewa, na vumbi la sakafuni likaruka kuelekea puani mwake. Mwanamke alikuwa mdogo kuliko jino lake. Nakumbuka mdomo wangu ulikuwa wazi. Nakumbuka Mama wa Dukani alisema jina la mungu wake polepole. Nilihisi udogo ambao haukuniuma. Niliona kwamba dunia ni kubwa na ni ya zamani mno, na sisi sote, wa juu ya ardhi na wa chini ya ardhi, tunapita ubavuni pa kitu kilicholala.

Babu ndiye hakustuka. Alimtazama mnyama kwa jicho lake moja, mnyama naye akamtazama kwa lake, na babu akaendelea kumwita mayu kwa sauti ile ile, bila kuongeza wala kupunguza. Nikamtembeza mwanamke kando ya ukuta. Kichwa kikainuka, kikaondoka. Ng'ambo ya ukumbi palikuwa na njia ndefu ya kupanda, na mwisho wake nuru ndogo.

Simu ikalia.

Nilimtupia binti padi, nikakimbilia dirishani. Ilikuwa mama, kutoka Geita, sauti yake inakuja na kupotea. Akasema ametoka. Akalirudia neno hilo, ametoka, ametoka, mpaka nikamwomba aendelee. Mwenzake hakutoka, walimkuta ameshakata roho. Mjomba mguu umevunjika na kucha hana, lakini ana akili zake, wamempitisha ofisini kwa mnunuzi wa dhahabu wakiwa njiani kwenda hospitali, amekataa kupelekwa mbele kabla hajaongea na baba yake. Nimwite mzee haraka.

"Babu, mjomba ametoka," nikasema. "Yuko kwenye simu. Anakutaka."

Babu alisikia. Niliyaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia, na kichwa kikainama mpaka kidevu kikagusa kifua. Lakini hakuinuka. Alinyoosha kiganja kuelekea kwangu, ningoje, na sauti yake ikaendelea pale pale ilipokuwa. Mwanamke alikuwa bado yumo njiani, na nyuma yake kundi la wale wadogo lilikuwa limeanza kumfuata.

Hasira zangu zikapanda zote kwa mpigo. Nilitaka kwenda kumvuta mkono, nilitaka kung'oa waya wa televisheni. Mtoto wake wa kumzaa amefufuka, anamngoja, naye anamwimbia mwanamke wa rangi na mwanga. Huku simu mkononi mwangu ilikuwa imeshabadilisha mtu. Ilikuwa sauti ya mjomba, imekwaruzika, imejaa udongo.

"Hataki kuongea na mimi?"

"Siyo hivyo, mjomba. Amekaa mdomoni."

"Mdomoni mwa nini? Si mko Shinyanga?"

"Kuna mwanamke yuko chini ya mlima," nikasema, na nilipojisikia nikisema hivyo nikatamani kulia na kucheka. "Ni wa kwenye gemu, mjomba. Wa televisheni. Babu amemkalia tangu asubuhi, anasema hainuki mpaka atoke."

Sikuona namna nyingine ya kumweleza. Nikapitisha mkono wa simu dirishani, waya ukanyooka wote, nikauelekeza mkekani, kwa babu. Niliuacha hapo muda mrefu. Babu aliendelea, izaga, mayu, izaga, na binti alikuwa anamkimbiza mwanamke kwa macho yaliyojaa machozi. Niliporudisha simu sikioni nilidhani laini imekatika.

"Huyo mwanamke yuko peke yake?" mjomba akauliza.

"Peke yake."

"Basi mwache. Asiinuke."

Nikasikia anapumua. Kisha akasema, taratibu, kama anayemwambia mtu mwingine siyo mimi, "Kule chini nilisikiliza sana. Wa juu walikuwa wanafukua tu. Nikajiimbia mwenyewe, kwa sauti yake. Jina langu na jina la mama. Mpaka wakanifikia."

Akaniomba nimrudishe pale pale. Nikautoa tena mkono wa simu dirishani, nikaushika kwa mikono miwili. Babu hakuwa amegeuka hata mara moja. Lakini kati ya mayu na mayu alikuwa ameanza kuingiza majina mengine mawili, la mjomba, na la marehemu bibi yangu aliyemzaa. Aliyaita kama mtu anavyoita shimoni, polepole, akisikiliza kila baada ya jina. Na kwenye simu, huko Geita, mjomba akaitika.